Kiwanda kimeleta ajira na kimeharibu mto: sheria iko upande gani?

SWALI: "Kijiji chetu kiko chini ya mto, kama kilomita mbili kutoka kiwanda cha ngozi kilichoanza kazi miaka minne iliyopita. Kabla hakijajengwa tuliitwa mkutanoni, tukaelezwa habari za ajira, tukasaini karatasi ya mahudhurio, basi. Sasa maji hubadilika rangi, hasa usiku. Harufu ya yai bovu haiishi, na visima viwili vimeingia chumvi hadi ng'ombe wanayakataa maji. Watoto wanatokwa na vipele. Lakini vijana wetu wapatao sitini wanafanya kazi humo, akiwemo mdogo wangu. Tulipolalamika tukajibiwa kwamba kiwanda kina leseni na sisi wenyewe tulikubali, saini zetu zipo. Kiongozi mmoja akasema maendeleo lazima yawe na gharama, na anayepinga ni adui wa maendeleo. Nasikia kuna kitu kinaitwa haki ya mazingira. Ni sheria kweli, au ni maneno ya mashirika tu? Na tukienda mahakamani, kiwanda kitafungwa vijana wakose kazi?"

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza kama haki ya mazingira ni sheria kweli, na umeuliza kama kiwanda kitafungwa. Ila naona linalokukosesha usingizi ni jingine: utatia vipi sahihi hati ya kiapo dhidi ya mwajiri wa mdogo wako, halafu jioni mkutane nyumbani? Nitalijibu na hilo, kwa sababu huenda yeye ana sababu kubwa kuliko yako ya kutaka sheria ifuatwe humo ndani.

Nianze na kauli ya kiongozi wenu, maana ndiyo inayowafunga watu midomo. Maendeleo yana gharama, hapo hakudanganya. Ngozi mbichi hufika kiwandani ikiwa imehifadhiwa kwa chumvi nyingi, na chumvi hiyo huoshwa ikatoka na maji. Kisha ngozi hulowekwa kwenye chokaa na salfidi ili manyoya yang'oke. Harufu ya yai bovu unayoieleza asili yake kwa kawaida ni hapo. Baadaye hutiwa dawa, mara nyingi chumvi za kromi, ili isioze. Kila hatua ina majitaka yake, na kila majitaka yana namna yake ya kusafishwa. Mtambo wa kuyasafisha ni ghali kuujenga na unakula umeme na kemikali kila siku. Kiwanda kikiuzima usiku na kufungulia mto, gharama ile haijafutika, imehama tu. Imemwendea mama anayetembea mbali zaidi kutafuta maji, mzazi anayenunua dawa ya ngozi, mkulima ambaye shamba lake limeota ukoko mweupe wa chumvi. Ngozi inatoka kiwandani kwa bei nafuu kwa sababu ninyi mnailipia kilichopungua, na hakuna aliyewauliza.

Hapo ndipo haki ya mazingira inapoingia. Haibishani na maendeleo. Inauliza nani amebebeshwa gharama, nani amechukua faida, na aliyebebeshwa alishirikishwa lini. Jina lenyewe lilipata nguvu Marekani mwaka 1982, katika jimbo la North Carolina, serikali ya jimbo ilipoamua kufukia udongo wenye sumu ya PCB, kemikali hatari za viwandani, katika wilaya ya Warren, iliyokaliwa zaidi na watu weusi na maskini. Watu walilala barabarani mbele ya malori, zaidi ya 500 wakakamatwa, na dampo likajengwa vilevile. Walishindwa siku ile. Lakini swali lao, kwamba kwa nini taka zipelekwe kwetu na si kwingine, lilianza kupimwa kwa takwimu na kuingia katika vyuo, bunge na mahakama za nchi nyingi. Kumbuka pia kwamba hawakuwa wanatetea wanyamapori. Watu wengi bado wanadhani sheria ya mazingira ni ya tembo na misitu. Ni ya kisima chako pia.

Je, ni sheria? Ndiyo, ingawa haikai katika kitabu kimoja, na uzito wake unatofautiana. Safu ya juu ni misingi ya kimataifa. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Mwaka 1992 Azimio la Rio likaweka kanuni ambazo leo utazikuta ndani ya sheria za nchi nyingi: kanuni ya 10 inataka watu wapewe taarifa, washirikishwe katika maamuzi na wafikie vyombo vya haki, ya 15 ni ya tahadhari, ya 16 inasema mchafuzi ndiye alipe. Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua haki ya mazingira safi, salama na endelevu kwa kura 161, hakuna aliyepinga, nchi 8 hazikuegemea upande wowote. Ila wakili akikuambia azimio hilo peke yake linatosha kushinda kesi, mwombe akuonyeshe na kifungu cha sheria ya nchi yako. Maazimio hujenga hoja, hayatoi amri.

Nguvu zaidi ipo katika mikataba na katiba. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, ibara ya 24, unawapa watu wote haki ya mazingira ya kuridhisha yanayofaa kwa maendeleo yao. Soma tena maneno hayo ya mwisho: mazingira na maendeleo vimewekwa katika sentensi moja, kimoja kikikitegemea kingine. Mwaka 2001 Tume ya Afrika inayosimamia mkataba huo iliitumia ibara hiyo katika shauri la watu wa Ogoni na kuona kwamba Nigeria ilikiuka haki zao kwa kuacha uchimbaji wa mafuta uchafue maji, udongo na hewa yao. Tume haikusema mafuta yasichimbwe. Ilisema serikali ina wajibu wa kuzuia madhara, kudai tathmini, kuwapa watu taarifa na kuwasikiliza.

Kuna hukumu nyingine ninayoipenda, ingawa haina uhusiano na viwanda vya ngozi. Mwaka 1997 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mgogoro wa Hungaria na Slovakia juu ya mabwawa ya mto Danube, na ikataja maendeleo endelevu kuwa ndiyo dhana inayobeba haja ya kupatanisha uchumi na uhifadhi. Jaji Christopher Weeramantry wa Sri Lanka aliandika maoni yake ya pembeni akionyesha kwamba wazo hilo si la juzi wala si la Ulaya, na miongoni mwa mifano yake ni mifereji ya umwagiliaji ya Wasonjo na Wachaga wa Tanzania, ambako kila kizazi kilikuwa na wajibu wa kuitunza mifereji kwa ajili ya kizazi kinachofuata. Mtu akikwambia haki ya mazingira ni mambo ya mashirika ya nje, mtajie mifereji hiyo.

Sasa leseni. Hapa watu wengi hukata tamaa bila sababu. Leseni ya mazingira hutolewa kwa masharti, na masharti hayo ndiyo moyo wake: majitaka yasafishwe hadi kiwango gani, yatolewe wapi, yapimwe kila baada ya muda gani, tope lipelekwe wapi, nani apelekewe ripoti. Mara nyingi kibali cha kutiririsha majitaka ni hati nyingine kabisa, yenye muda wake wa kwisha. Kwa hiyo anayesema "kina leseni" amefungua mazungumzo, hajayafunga. Swali linalofuata ni moja: masharti yako wapi, na ripoti za kuyatimiza ziko wapi? Andikeni barua kwa mamlaka ya mazingira mkiomba ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, leseni pamoja na masharti yake yote, kibali cha majitaka, na ripoti za vipimo za miaka hii minne. Pelekeni nakala mbili, na ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nchi nyingi sasa zina sheria ya haki ya kupata taarifa inayompa ofisa muda maalumu wa kujibu. Hata akinyamaza, barua yenye muhuri ni ushahidi kwamba mliomba mkanyimwa, na mahakama huliangalia jambo hilo kwa jicho kali.

Katika nyaraka hizo nne, ripoti ya tathmini ndiyo ninayoitaka kuliko zote. Watu huidharau kwa sababu imeandaliwa kwa fedha za mwekezaji mwenyewe. Lakini sheria huitaka ieleze hali ya mahali pale kabla ya mradi: maji ya mto yalikuwaje, visima vilikuwa na chumvi kiasi gani, nani alikuwa akitumia maji hayo. Maana yake ni kwamba huenda kiwanda chenyewe kimeshaandika, kwa karatasi yake, kwamba miaka minne iliyopita mto wenu ulikuwa mzima. Hakuna shahidi wenu atakayelisema hilo kwa nguvu zaidi. Na kama ripoti haina sehemu hiyo, mmepata kasoro nyingine ya kuishambulia.

Kuhusu saini zenu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ninyi mlikuwapo, na lenu halikuwapo vilevile. Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulihudhuria. Haithibitishi kwamba ulielezwa kemikali zitakazotumika, majitaka yatakakoelekezwa, wala kwamba ulikubali. Kesi ya Lamu inafundisha hapa. Kenya iliruhusu kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, wakazi wakapinga, na mwezi Juni 2019 Baraza la Rufaa za Mazingira likaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji: mikutano ilifanyika mapema, kabla utafiti haujakamilika, na watu hawakupata nafasi ya maana ya kuisoma ripoti yenyewe na kuitolea maoni. Wakazi walikuwa wameitwa na mikutano ilikuwa imefanyika, na bado haikutosha. Kwa hiyo andikeni sasa, kila mmoja peke yake na kumbukumbu zikiwa bado mbichi: mkutano ulikuwa lini, nani alizungumza, lugha gani ilitumika, majitaka yalitajwa au hayakutajwa, mlipewa karatasi gani. Msikae pamoja kutunga maelezo yafanane. Mahakama huyashtukia maelezo yanayofanana neno kwa neno.

Kuna tahadhari moja. Rufaa dhidi ya utoaji wa leseni huwa na muda mfupi, aghalabu wiki chache tu tangu leseni itolewe au tangu ulipojua. Kwa leseni ya miaka minne iliyopita dirisha hilo huenda limefungwa, na wakili wenu atawaambia. Uchafuzi unaoendelea ni jambo jingine. Kwa kawaida kila umwagaji mpya ni kosa jipya. Tena leseni huhuishwa na kukaguliwa, na kiwanda kikitaka kupanua shughuli kitahitaji kibali kingine. Fuatilieni tarehe hizo.

Tuje kwenye uthibitisho, kwa kuwa hapa kuna dhana mbaya upande wenu pia. Wanakijiji wengi huamini kwamba lazima wathibitishe kuwa kiwanda ndicho kilichomfanya mtoto fulani augue, na wakiona hawawezi, wanaacha. Tofautisha mambo mawili. Kuiomba mahakama au mdhibiti azuie uchafuzi hakuhitaji mgonjwa hata mmoja. Kunahitaji kuonyesha kwamba masharti yanavunjwa au kwamba kuna hatari ya kweli, na kanuni ya tahadhari inasema kutokuwa na uhakika kamili wa kisayansi si kisingizio cha kuahirisha hatua pale madhara yanapoweza kuwa makubwa au yasiyorudishika. Kudai fidia ya ugonjwa wa mtoto ni mlima mwingine: hapo utatakiwa kuonyesha kisababishi, na vipele vya watoto vina vyanzo vingi. Usiseme mbele ya mtu yeyote kwamba kiwanda ndicho kilichovisababisha. Wapelekeni hospitali, mwelezeni daktari maji wanayoogea, na hakikisheni ameandika. Kumbukumbu za hospitali za mwaka mzima zina uzito kuliko hotuba.

Sampuli za maji zichukuliwe juu ya kiwanda na chini yake siku hiyo hiyo, na visimani pia, kwa chupa za maabara zenyewe, na mtaalamu anayeweza kusimama kizimbani. Zipimwe chumvi, salfidi, kromi, kiwango cha asidi na uchafu unaokula oksijeni ya maji. Sampuli ya juu ya kiwanda ndiyo watu huisahau, na bila hiyo mpinzani atasema uchafu umetoka huko mlimani. Aliyechukua, saa ngapi, alimkabidhi nani, viandikwe mpaka chupa inafika maabara. Kwa kuwa maji hubadilika usiku, mtu mmoja awe na daftari: tarehe, saa, rangi, harufu, mvua ilinyesha au haikunyesha. Sijui wakili asiyefurahia daftari la namna hiyo. Nanyi msiingie ndani ya uzio wa kiwanda kupiga picha. Kesi nzuri imewahi kugeuka kesi ya uvamizi.

Kuhusu kitakachotokea kwa ajira, mfano wa karibu zaidi ninaoujua ni wa viwanda vya ngozi hasa. Katika jimbo la Tamil Nadu, India, viwanda vingi vya ngozi vilikuwa vikimwaga majitaka katika mto Palar na ardhi inayouzunguka, na hekta zipatazo 35,000 za mashamba ziliharibika kwa kiasi au kabisa. Jumuiya ya wananchi wa Vellore ilikwenda Mahakama ya Juu. Katika hukumu ya mwaka 1996 majaji walikiri kwamba ngozi inaiingizia nchi fedha za kigeni na inaajiri watu wengi, kisha wakasema sekta hiyo haina haki ya kuharibu mazingira na kuhatarisha afya kwa sababu hiyo. Walitangaza kwamba kanuni ya tahadhari na ile ya mchafuzi hulipa ni sehemu ya sheria ya India, na kwamba anayetaka kubadili mazingira ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kuwa shughuli yake haina madhara. Amri zao? Faini ya rupia 10,000 kwa kila kiwanda, mamlaka maalumu ya kukadiria hasara na fidia, na muda wa kujenga mitambo ya kusafisha majitaka, ikiwemo ya pamoja kwa viwanda vidogo. Aliyejenga aliendelea. Aliyegoma akafungiwa.

Ndivyo mahakama nyingi zinavyofanya: kufunga moja kwa moja ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Kwa hiyo ombeni mnachokitaka. Kama mnataka majitaka yasafishwe, kipimo kiwekwe hadharani, visima virudishwe na kazi ziendelee, yaandikeni hayo katika maombi yenu. Ukiomba "kifungwe" tu, umempa mpinzani wako hotuba na umewageuza vijana wenu kuwa mashahidi wake.

Lakini nisikuuzie ushindi wa karatasi. Mto ule ule wa Palar ulirudi mbele ya Mahakama ya Juu ya India, na mwezi Januari 2025 majaji walilazimika kutoa amri mpya juu ya fidia, usafishaji na usimamizi, kwa sababu uchafuzi ulikuwa haujakoma. Zaidi ya miaka 28. Angalia na Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na mtoto wake akaugua, aliongoza madai. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Sehemu kubwa ya lawama iliangukia taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia, si kiwanda peke yake, na hilo ni funzo: mdhibiti asiyedhibiti naye anashitakiwa. Ila wagonjwa wamezeeka katika safari hiyo, na risasi iliyoingia katika ubongo wa mtoto haitoki kwa hukumu. Ndiyo maana nasema sheria hii ina nguvu zaidi kabla ya madhara, au mwanzoni mwake kama mlipo ninyi, kuliko baada ya miaka kumi.

Sasa mdogo wako. Majitaka ya chokaa na salfidi yakikutana na majitaka yenye asidi ya hatua za baadaye, hutoka gesi ya hidrojeni salfidi. Kwa kiasi kidogo hunuka yai bovu. Kikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, kisha humwangusha mtu. Wafanyakazi wa viwanda vya ngozi duniani wamekufa kwa kuingia kusafisha shimo au tangi bila kupimwa hewa, na mara nyingi wa pili na wa tatu hufa kwa kuingia kumwokoa wa kwanza. Kiwanda kisichotenganisha majitaka yake kwa ajili yenu hakiyatenganishi kwa ajili ya mdogo wako pia. Kwa hiyo msiwe kambi mbili. Ongeeni na vijana kabla ya kuandika barua yoyote, ikiwezekana kupitia chama cha wafanyakazi, na muwaulize wanachokihitaji ndani: glavu, kipima gesi, mafunzo, uchunguzi wa afya. Sheria ya usalama mahali pa kazi ina mkaguzi wake, na malalamiko ya wafanyakazi humleta haraka kuliko ya wanakijiji. Usimwombe mdogo wako akuibie nyaraka. Akifukuzwa kwa hilo, hutaweza kumrudishia.

Njia ziko kadhaa, nami ningezipitia kwa mpangilio huu. Kwanza mazungumzo na kiwanda, ila yawe ya maandishi na yenye tarehe za utekelezaji. Meneja anayeogopa wanunuzi wa nje wanaokagua mazingira huwa msikivu kuliko mnavyodhani. Sambamba na hayo, malalamiko rasmi kwa mamlaka ya mazingira na ya maji, mkiomba ukaguzi wa usiku bila taarifa. Wakikaa kimya, nendeni baraza la rufaa za mazingira au mahakamani. Msiogope kwamba hamna hati miliki za mto: katiba na sheria nyingi, ya Kenya ikiwa mfano wazi katika ibara ya 70, zinamruhusu mtu kushitaki bila kuthibitisha hasara yake binafsi. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Ufilipino iliwaruhusu hata watoto kushitaki kwa niaba yao na ya vizazi visivyozaliwa juu ya vibali vya kukata misitu.

Kama mmiliki ni kampuni ya nje, kuna mlango wa ziada. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanavijiji wa Chingola, Zambia, kuishitaki huko London kampuni mama ya Vedanta pamoja na tawi lake la shaba, na mwaka 2021 shauri likaisha kwa maafikiano bila kampuni kukiri kosa. Kama kiwanda kimepata fedha zinazotoka Benki ya Dunia au shirika lake linalokopesha kampuni binafsi, kuna vyombo vya malalamiko huko visivyohitaji wakili. Na kwa walio katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahakama yake ya Arusha inapokea mashauri ya wakazi dhidi ya serikali, ila muda ni miezi miwili tu, na mahakama hiyo haina huruma na anayechelewa.

Yapo mambo ambayo jibu kama hili haliwezi kuyabeba, na yakitokea mtafuteni wakili wa mazingira, kituo cha msaada wa kisheria au kitivo cha sheria chenye kliniki, ana kwa ana, siku hiyo hiyo ikiwezekana. La kwanza ni mtu kupata barua ya madai ya kashfa, wito wa polisi au vitisho kwa sababu ya malalamiko haya. Kesi za kunyamazisha watu zinajulikana, na zina majibu yake, lakini zina tarehe pia. La pili ni mtoto au mfanyakazi kuanguka, kutapika au kushindwa kupumua. Hapo hospitali kwanza, wakili baadaye. La tatu hutokea kimyakimya, nami nimeliona likimaliza kesi nzuri: mtu wa kiwanda anakuja nyumba kwa nyumba na bahasha na karatasi ya kusaini, yenye maneno kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho na hutadai tena. Fedha ile huwa ndogo na shida za mwezi huwa kubwa. Mwambieni kila mmoja asitie sahihi wala dole gumba kabla wakili hajaisoma. Siku mtakapokwenda kumwona, bebeni nakala za barua zenye muhuri, daftari la mto, kumbukumbu za hospitali, na kama imepatikana, ile ripoti ya tathmini.